Bagi ya faibaglasi haina "orijino"

Wasomaji wangu wa siku zote mwajua kwamba hapa huwa tunaongea habari za programu, seva na hitilafu za saa nane za usiku. Leo niruhusuni nitoke nje ya tarakilishi kidogo, ingawa mtaona hatutafika mbali nayo. Nataka kuzungumza juu ya bagi, vile vigari vya mchangani visivyo na paa wala milango, vyenye magurudumu mapana nyuma na bodi ya faibaglasi iliyojikunja kama mtumbwi. Na nataka kugombana na neno moja: orijino.

Siku hizi kila anayefufua bagi kuukuu huulizwa kwanza kama atairudisha katika hali yake ya orijino. Jibu langu ni kwamba kwa bagi nyingi hali hiyo haikuwahi kuwepo. Kuitafuta ni kupoteza pesa na, kibaya zaidi, ni kuangalia mahali pasipofaa huku hatari yenyewe imejificha chini ya kapeti.

Tuanze na chimbuko. Bruce Meyers alikuwa mjenzi wa mashua za faibaglasi huko California. Mwaka 1964 alimaliza kigari chake cha kwanza, kilichokuja kuitwa Old Red, kwa ujuzi uleule wa mashua: bodi ya faibaglasi iliyobeba mzigo yenyewe, ikaimarishwa kwa vyuma, na viungo vya Volkswagen Beetle vikafungwa humo. Vya namna hiyo vilitengenezwa kama dazeni moja tu, kwani gharama ilikuwa kubwa mno. Ndipo likaja toleo lililoenea duniani: chukua Beetle, ng'oa bodi, kata sakafu yake ya chuma uifupishe kwa karibu sentimita 36, iunganishe tena, kisha funga bodi ya faibaglasi juu yake. Hiyo ndiyo Meyers Manx. Mwaka 1967 Meyers na mwenzake Ted Mangels waliendesha Old Red kutoka La Paz hadi Tijuana kwa saa 34 na dakika 45, wakavunja rekodi iliyokuwa ya pikipiki. Mwaka huohuo Manx nyingine, ikiendeshwa na Vic Wilson na huyo Mangels, ilishinda mashindano ya Mexican 1000 kwa saa 27 na dakika 38. Na kwa wale wanaodhani Beetle ni gari la mapambo, wazee wetu hawakushangaa hata kidogo: kwenye Safari Rally ya kwetu Beetle ilikuwa imeshinda mwaka 1954, na ikashinda tena 1962.

Sasa angalieni ni nini hasa kilichokuwa kikiuzwa. Mteja hakununua gari. Alinunua bodi na vikorokoro vichache. Sakafu, injini, giaboksi, ekseli na usukani alivitoa kwenye Beetle aliyoitafuta mwenyewe, mara nyingi iliyokwisha kugongwa. Viti vilitoka popote. Taa aliweka alizopenda. Kwa lugha yetu sisi waandika programu, Meyers aliuza maktaba ya kodi, na kila mnunuzi akaandika programu yake juu ya maktaba ile nyuma ya nyumba, Jumamosi jioni, kwa spana za kuazima. Sasa niambieni, kati ya maelfu ya programu hizo ipi ni ya orijino?

Najua jibu la wakusanyaji. Bei zimepanda, kuna rejista inayothibitisha Manx ya kweli na ya kuigiza, na mwenye Manx ya kweli anaogopa hata kutoboa tundu la kioo cha pembeni. Kwa magari machache nawaunga mkono. Old Red, iliyoingizwa mwaka 2014 katika rejista ya magari ya kihistoria ya Marekani, mtu asiiguse. Lakini tazameni hili: bagi aliyoendesha Steve McQueen katika filamu ya The Thomas Crown Affair ya 1968 iliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa dola 456,000. Je, hiyo ilikuwa ya orijino? Hata! Ilikuwa Manx iliyobadilishwa kwa ajili ya filamu, hata injini ya Volkswagen ikatolewa ikawekwa ya Chevrolet Corvair. Bagi iliyofika bei ile ni bagi iliyochezewa.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao sisi wapenzi wa programu huria tunaupita haraka, na sipendi tuupite. Manx ilinakiliwa. Mtu alinunua bodi moja, akaimwagia kalibu, akaanza kutoa zake kwa bei ya chini. Kampuni baada ya kampuni ikafanya hivyo. Meyers alikuwa na hataza, akaenda mahakamani, akashindwa, na kufikia 1971 kampuni yake ilikuwa imefungwa. Zilizonakiliwa duniani zilikuja kuzidi zake kwa mbali sana. Rahisi kusema "tazama jinsi kunakili kulivyoeneza bagi", na ni kweli kulieneza. Lakini programu huria tunayoisifu inatolewa na mwenyewe kwa hiari, na leseni inatudai tuache jina lake mahali pake. Meyers hakutoa hiari na jina lake lilifutwa. Kwa hiyo mwenye bagi ya kuiga asione aibu kuwa nayo, lakini asiibandike jina la Manx. Aseme ni ya kuiga, aendelee na kazi.

Tena kujua kwamba ni ya kuiga kuna faida ya usalama. Baadhi ya walionakili walipunguza tabaka za nyuzi ili kuokoa gharama, au waliacha viimarisho vya ndani ambavyo hawakuelewa kazi yake. Sisi tunawajua watu hao. Ni wale wanaofuta mstari wa kodi kwa sababu "hauonekani kufanya kitu".

Sasa nije kwa jamaa yangu wa Mtwapa, ambaye ndiye aliyenichokoza kuandika haya. Amepata bagi iliyokaa miaka mingi nyuma ya yadi ya mashua, jina la mtengenezaji halijulikani. Bajeti yake aliigawa hivi: kwanza rimu za kung'aa, pili rangi yenye chembechembe za kumetameta, tatu viti. Sakafu ataiangalia "pesa ikibaki". Tumebishana naye wiki nzima, na bado nasema mpangilio huo umesimama kwa kichwa.

Bagi hii ilikatwa katikati na mtu asiyejulikana, kwa mashine isiyojulikana, ikaunganishwa tena. Kiungo kile ndicho kinachoshika magurudumu ya mbele na ya nyuma yawe gari moja. Ndani ya mhimili wa kati wa Beetle mnapita kebo ya klachi, kebo ya mafuta, fito ya gia na bomba la petroli, vyote vilibidi vifupishwe pamoja nao. Chumvi ya bahari nayo haijalala. Kwa hiyo ng'oa bodi yote, kwangua rangi na lami mpaka chuma kitupu kionekane, halafu mwite fundi wa kuchomelea unayemwamini kuliko unavyomwamini fundi wa rangi. Kama kiungo cha zamani kimefunikwa kwa bodifila, usijadiliane nacho, kitolewe kifanywe upya. Namba ya chesisi imegongwa kwenye mhimili huohuo chini ya kiti cha nyuma; fundi aambiwe mapema asiikate wala kuifunika kwa bati, la sivyo utabaki na gari zuri lisilo na kwao.

Bodi nayo msimpelekee fundi wa kunyoosha magari. Nasema hivi kwa heshima, maana fundi huyo amezoea bati, na akiona ufa atapaka bodifila, apige msasa, apulize rangi, na baada ya miezi mitatu ufa utarudi palepale. Mpelekeeni fundi wa mashua. Pwani yetu inao, na hii ni kazi ya mashua iliyovaa magurudumu. Yeye kwanza atagonga bodi nzima kwa sarafu akisikiliza: mlio mkali ni salama, mlio mzito kama wa kadibodi maana yake tabaka zimeachana. Akiona nyufa ndogo kama utando wa buibui atauliza bodi inachezea wapi. Pengine bolti ilikazwa bila washa pana, pengine kiimarisho cha chini hakipo. Usipoondoa kinachoitikisa, unatibu dalili tu. Kisha atasaga ufa kwa mteremko mpana, kama mara 12 ya unene wa bodi. Bodi ya milimita 5 inataka mteremko wa sentimita 6. Atalaza mkeka wa nyuzi tabaka juu ya tabaka, na nyuma ya ufa pia. Rezini mpya haiyeyukii ndani ya ile iliyokauka miaka 40 iliyopita, inashika kwa mikwaruzo tu, kwa hiyo msasa si wa urembo. Hadena ni asilimia 1 hadi 2, na kwa joto la Pwani changanya kidogo kidogo, kwani kopo lililojaa litachemka na kuganda kabla hujatumbukiza brashi ya pili. Vaa miwani, hadena ikiingia machoni inaweza kukupofusha. Vumbi la glasi nalo ni la kufunika pua, na usikune.

Jambo la umeme nimeliacha kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoitwa. Kwenye Beetle, bodi ya chuma ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Faibaglasi haipitishi umeme. Kwa hiyo kila taa, honi na geji inataka waya wake wa kurudi. Waliojenga bagi nyingi walisahau hilo, au waliunga waya mmoja kwa mwingine mpaka umeme ukawa unatafuta njia za panya: unawasha indiketa, taa ya mbele inafifia, unakanyaga breki, geji ya petroli inacheza. Hitilafu za aina hii nazifahamu. Msizifukuze mojamoja. Ng'oeni waya wote, wekeni kituo kimoja cha kurudishia umeme mbele na kingine nyuma, vyote viwili vifungwe kwenye chesisi, na mchoro wa rangi za waya uandikwe kwenye daftari litakalokaa ndani ya gari.

Ukishamaliza hayo, chezea utakavyo. Rimu, viti, usukani, hata injini. Meyers aliuza kampuni yake mwaka 2020, akafariki Februari 2021, na mwaka 2022 kampuni yenye jina lake ikaonyesha Manx ya umeme. Wapo waliolia kwamba ni kufuru. Mimi sikulia, gari hili tangu mwanzo lilikubali injini yoyote mtu aliyoipata. Wasiwasi wangu ni uzito tu, maana bagi hupita mchangani kwa kuwa nyepesi, na betri si manyoya.

Jamaa yangu yeye amekubali kubaki na injini ya 1600 ya Beetle, kwa kuwa fundi anayeijua anakaa mitaa miwili kutoka kwake. Fungu la rimu limehamishiwa kwenye sakafu. Rangi ya kumetameta amekataa kuiacha, na hiyo sasa ni haki yake.