Njia Mbadala ni Mbadala wa Nani?

Wako wenzetu ambao wakisikia tu kwamba barabara ya mpakani imefungwa, hujibu haraka haraka, "Si wapite kwingine?" Katika mijadala ya chama chetu nimelisikia jibu hilo si mara moja wala mbili. Mimi silikubali hata kidogo, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia mfano unaotuhusu sisi Wakenya, kwa maana mizigo mingi iliyokwama ilikuwa imetoka kwetu Mombasa.

Mpenzi msomaji, hebu fungua atlasi yako utazame pale Uganda inapopakana na Rwanda. Lori likitoka Mombasa hupita Malaba ama Busia, likaingia Kampala, likafika Mbarara, kisha likaanza kupanda milima ya Kigezi mpaka Kabale, mji ulio juu kiasi cha mita 2,000 hivi. Mbele kidogo iko Katuna. Ukivuka tu uko Gatuna, ambalo ni jina lile lile katika ulimi wa upande wa pili. Kutoka hapo hadi Kigali ni kama kilomita 80 za kona na miteremko. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu.

Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ikaifunga. Kwanza ilisemekana ni kwa sababu ya ujenzi wa kituo cha pamoja cha forodha, lakini haikuchukua muda kabla ya kila mtu kujua kwamba wakubwa wamekosana. Kigali ililalamika kwamba raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda na kwamba maadui wake wanapewa hifadhi huko. Kampala ikakana, nayo ikalalamika kuhusu majasusi. Wanyarwanda wakaambiwa wasiende Uganda. Malori yakapanga foleni, na ambaye amewahi kuona trela likigeuzwa kwenye barabara nyembamba ya mlimani anajua hiyo si kazi ya mchezo.

Je, njia nyingine ilikuwako? Naam, ilikuwako, tena si moja. Ukifika Ntungamo, kabla ya kuikabili milima ya Kabale, kuna barabara ya lami ya kilomita 37 inayokwenda Mirama Hills, na ng'ambo yake ni Kagitumba. Huko nchi imeinama kidogo kuelekea mto Akagera, wala hakuna kona za kukata roho. Ubaya wake ni kwamba kutoka Kagitumba hadi Kigali ni zaidi ya mara mbili ya zile kilomita 80. Ni mafuta zaidi na siku zaidi, lakini mzigo unafika. Aliyechoshwa kabisa na mambo ya Uganda aliweza kuagiza bidhaa zake kupitia Dar es Salaam na kuziingiza kwa mpaka wa Rusumo, ambako daraja jipya na kituo cha pamoja vilizinduliwa mwaka 2016.

Hapo ndipo wenzangu hunyosha mikono juu na kusema, "Umeona?" Ngojeni kwanza.

Kagitumba iliruhusu mizigo ya kupita tu, yaani ile ya Mombasa. Bidhaa za Uganda yenyewe hazikutakiwa. Mwaka 2018 Uganda iliiuzia Rwanda bidhaa za karibu dola milioni 200. Baada ya mpaka kufungwa biashara hiyo ilikauka kama kijito wakati wa kiangazi. Sasa mfikirie mama mboga wa Katuna. Soko lake lilikuwa ng'ambo, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kikapu kichwani. Lugha yake ya Rukiga na Kinyarwanda hazina umbali mkubwa; pengine dada yake ameolewa huko huko. Ukimwambia azunguke kupitia Kabale, Ntungamo na Mirama Hills, hizo ni zaidi ya kilomita 100, na akifika huko harusiwi kupita na viazi vyake! Hiyo nayo ni njia mbadala, ama ni dharau?

Njia aliyobakiwa nayo ni ile ya panya, usiku, kupitia bondeni. Wanyarwanda nao waliokuwa wamezoea kuja Kabale kununua vitu, kutibiwa na hata kusoma, walibakiwa na hiyo hiyo. Mwaka huo wa 2019 watu waliuawa kwa risasi katika njia hizo, na serikali mbili zikaanza kubishana maiti ilianguka upande gani. Jamani!

Nisije nikaonekana ninawasema majirani tu. Januari 2008, wakati wa ghasia baada ya uchaguzi wetu, ni sisi Wakenya tuliofunga barabara na kung'oa reli kule Kibera, na petroli ikaadimika Uganda na Rwanda. Hatukumuuliza mtu kama ana njia nyingine. Nayo Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, ikawa anayetaka kutoka Kigali hadi Bujumbura kwa barabara bila kugusa Kongo hana budi kuingia Tanzania kwa Rusumo na kutokea Kobero.

Maoni yangu ni haya. Serikali zikikosana zinaweza kuyazuia malori zikitaka, maana lori lina tajiri, lina bima, na dereva wake ana simu ya kuuliza njia. Lakini geti la waendao kwa miguu lisifungwe kwa ugomvi wa wakubwa. Wapekuliwe, waandikwe majina, lakini wapite. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumza juu ya watu kusafiri kwa uhuru. Sioni maana ya kuikariri darasani ikiwa inamlinda mwenye trela peke yake.

Na hapa kwetu pia, tusingoje Malaba ifungwe ndipo tukumbuke kwamba Suam na Lwakhakha, huko Mlima Elgon, nako ni mipakani. Barabara ya pili hutunzwa wakati ya kwanza ingali wazi, tena ikaguliwe kama mtu wa kawaida anapitika nayo.

Rais Kagame na Rais Museveni walitia sahihi mapatano Luanda Agosti 2019, wakakutana pale pale Gatuna Februari 2020, na bado mpaka haukufunguka. Ulifunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Siku hiyo malori yakaanza kuvuka. Watu wa kawaida waliambiwa wasubiri kwa sababu ya korona, wakasubiri mpaka mwezi wa Machi.