Kosa la Mtoto Lina Njia Yake

Katika maandalio ya somo ya wanachuo wetu, hakuna neno linalojitokeza mara nyingi kuliko neno "kuelewa". Mwanachuo huandika kwamba mwisho wa kipindi wanafunzi wataelewa kutoa, au wataelewa habari waliyoisoma. Lakini akiulizwa ni jambo gani hasa litakalokuwa limetendeka katika akili ya mtoto aliyeelewa, ambalo halikutendeka katika akili ya yule asiyeelewa, mara nyingi hukosa la kusema. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba swali hilo limepata kuulizwa kwa bidii kubwa na watu ambao hawakuwa walimu wa shule za msingi, na kwamba yaliyowapata yanatuhusu sana.

Mwaka 1955 wataalamu wanne wa Marekani, yaani John McCarthy, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon, waliandika pendekezo la mkutano wa kujadili mwelekeo mpya wa utafiti wa kompyuta. Waliomba watu kumi wakutane kwa muda wa miezi miwili katika Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, katika majira ya joto ya mwaka 1956. Katika pendekezo hilo ndimo lilimotumika jina la akili bandia, ambayo siku hizi huitwa pia akili mnemba. Msingi wa hoja yao ulikuwa huu: kila sehemu ya kujifunza yaweza kuelezwa kwa usahihi kiasi kwamba mashine ingeweza kutengenezwa ili kuiiga.

Mkutano ulifanyika. Watu walikuja na kuondoka kwa nyakati mbalimbali, wala hawakuafikiana juu ya njia moja ya kufuata. Allen Newell na Herbert Simon walifika na habari za programu yao iliyoweza kuthibitisha kauli za hisabati. Wengi waliona kwamba safari ingekuwa fupi. Mwaka 1957 Simon alitabiri kwamba katika muda wa miaka kumi kompyuta ingekuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa sataranji. Bingwa wa dunia, Garry Kasparov, alishindwa na kompyuta katika shindano la michezo sita mwaka 1997, yaani baada ya miaka arobaini.

Wala si sataranji iliyowatoa jasho zaidi. Mashine ilimudu mapema mambo yanayomsumbua mtoto, kama vile hesabu ndefu. Ikashindwa kwa miaka mingi na mambo ambayo mtoto huja nayo shuleni pasipo kufundishwa na mwalimu yeyote: kuitambua sura ya mama yake katika kundi la watu, au kufahamu kwa nini watu hucheka mwishoni mwa hadithi. Hapo pana funzo kwetu. Yule mtoto tunayemwita mzito kwa sababu hajui kutoa, tayari amekwisha kujifunza mambo ambayo wataalamu wakubwa walihangaika kuyaeleza.

Hata hivyo, swali la Dartmouth halikuwa la bure. Katika utafiti wa namna hiyo, mwaka 1978, John Seely Brown na Richard Burton walichapisha taarifa ya programu iliyoitwa BUGGY. Programu hiyo iliiga makosa ya watoto katika hesabu za kutoa, na ilitumiwa kuwafunza wanafunzi wa ualimu. Mwanachuo alionyeshwa majibu yenye makosa, kisha akaipa kompyuta hesabu nyingine alizozichagua mwenyewe, mpaka alipoweza kubashiri kosa litakalofuata. Watafiti hao walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto si ya ovyo. Mtoto hufuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ndiyo yenye dosari.

Na tuchukue mfano. Juma na Asha wamepewa hesabu ya 60 − 24, na wote wawili wameandika 44. Mwalimu mwenye haraka huwawekea wote alama ya kosa na kuwafundisha tena kwa pamoja. Mwalimu mwenye kuchunguza huwapa hesabu ya pili: 52 − 27. Juma aandika 35. Asha aandika 25, ambalo ni jibu sahihi. Sasa mambo yamedhihirika. Juma hutoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Asha anajua kuvunja kumi, lakini akikuta sifuri juu huiandika tu tarakimu ya chini. Jibu lilikuwa moja, maradhi mawili. Dawa ya Juma haitamfaa Asha.

Watakuwapo watakaosema kwamba madarasa yetu yana watoto wengi mno, na kwamba kompyuta hazipo. Hoja ya wingi wa watoto ni ya kweli, wala siidharau. Lakini hesabu ya pili haikuhitaji mashine yoyote; ilihitaji chaki na mwalimu aliyejiuliza swali. Tena, watoto wakiwa wengi kanuni zao zenye dosari huwa chache kuliko idadi yao, kwa kuwa wengi hukosea kwa njia zinazofanana. Mwalimu anayezifahamu njia nne au tano aweza kuwagawa watoto katika vikundi kwa siku moja na kukisaidia kila kikundi kwa haja yake.

Ipo tofauti moja ambayo hatuna budi kuikumbuka. Mashine haioni haya. Juma akiitwa mjinga mbele ya wenzake, hataionyesha tena njia yake; atanakili jibu la jirani, na kosa litabaki limefichika mpaka darasa la saba. Kwa hiyo, mwanachuo unapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kabla ya kuweka alama ya kosa, mwambie mtoto kwa upole, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Kisha nyamaza, umsikilize.