Kamera Zigeukie Wazee wa Mlima Meru

Mji wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru si pageni kwa kamera za sinema. Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, kampuni ya Marekani ilipiga kambi Momella, chini ya mlima huo, ikatengeneza filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuonyeshwa ulimwenguni mwaka 1962. Filamu hiyo ilihusu ukamataji wa wanyama wa porini kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Faru, twiga na nyati walipewa nafasi kubwa. Wenyeji wa mlima walibaki kuwa watu wa nyuma ya picha. Tangu wakati huo wapigapicha wasiohesabika wamepita Arusha wakiharakisha kwenda mbugani. Ni wachache mno waliosimama njiani kumwuliza mzee wa Nkoaranga au Akeri mambo aliyoyaona maishani mwake.

Jambo hili si dogo, kwa kuwa sinema ni mwalimu. Wamisionari na watawala wa kikoloni walilitambua hilo mapema. Kati ya mwaka 1935 na 1937 waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na filamu hizo zikazungushwa kwa lori ili wananchi wazione. Baada ya Uhuru, gari la sinema la Serikali lilifika vijijini likiwa na ujumbe wa kilimo bora, afya na elimu. Aliyekaa chini mbele ya kitambaa cheupe hakurudi nyumbani kama alivyokuja.

Yafaa basi kuuliza: sinema imewafundisha nini wananchi juu ya uzee? Jibu halipendezi. Katika filamu nyingi za video zilizoenea nchini katika miaka ya 2000, bibi kizee alionyeshwa kuwa mchawi, tena mwenye wivu na hila. Picha hiyo haikubuniwa na watengenezaji wa filamu. Waliikuta katika jamii, nao wakaipa nguvu mpya. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya dalili zilizotajwa ni macho mekundu. Ukweli ni kwamba macho hayo huwa mekundu kutokana na moshi wa kuni na samadi waliyopikia kwa miaka mingi. Mama aliyeilisha familia kwa moto huo akahukumiwa kwa moshi wake. Wala kasumba ya kuwadharau wazee si ya nchi moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu mmoja kati ya kila wawili ulimwenguni ana mtazamo wa kuwabagua wengine kwa sababu ya umri wao.

Katika Arusha na Meru ubaguzi huo huja kwa sura ya upole zaidi. Mashamba ya kahawa na migomba yamegawanywa kizazi hata kizazi mpaka yamekuwa vipande vidogo. Vijana huteremka mjini au huenda kwenye machimbo ya Mirerani kutafuta riziki. Mzee hubaki mlimani na wajukuu. Anapoulizwa jambo, mara nyingi huulizwa juu ya mipaka ya shamba tu, kana kwamba kazi iliyosalia katika maisha yake ni kurithiwa.

Mila za wenyeji hazikufundisha hivyo. Chini ya utaratibu wa rika wa Waarusha, ambao hata Wameru waliutumia, watu hupanda pamoja kutoka ujana hadi uzee, na kila ngazi ina wajibu wake. Uzee ni wakati wa kuamua mashauri, kupatanisha waliogombana na kutunza kumbukumbu. Hata hivyo, lingekuwa kosa kuzipamba mila hizo kupita kiasi. Sauti barazani ilikuwa ya wanaume, na mjane mzee asiye na mifugo wala ardhi hakusikilizwa sana. Kwa hiyo kinachotakiwa si kurudisha zamani jinsi ilivyokuwa, bali kuwapa heshima hiyo wazee wote, wanaume kwa wanawake.

Kwamba sinema yaweza kuifanya kazi hiyo, ushahidi upo. Mwaka 2006 ilitolewa filamu ya Andy Jones juu ya maisha ya Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, aliyejulikana kwa wengi kama Bi Kidude, mwimbaji wa taarab na mpigaji wa ngoma za unyago, aliyefariki mwaka 2013. Mwaka 2010 ikafuata The First Grader, filamu juu ya Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya, aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Filamu hizo hazikuomba huruma. Zilimwonyesha mzee akiwa mtu mwenye kazi, hamu na msimamo. Mwalimu yeyote aliyemwona Maruge amekaa dawatini kati ya watoto hawezi tena kusema kwamba elimu ina umri.

Mlima Meru una hazina kama hiyo, nayo inapungua kila mwaka. Mnamo Novemba 1951 Serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuliwakilisha shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Tukio hilo ni moja ya mizizi ya harakati za Uhuru. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile alizaliwa mwaka 1941. Hao walioziona nyumba zikiteketezwa na ng'ombe wakiswagwa, sasa ni wazee wa umri mkubwa. Vitabu vimeyaandika maneno ya viongozi. Maneno ya mama aliyekimbia na mtoto mgongoni hayatapatikana tena akishazikwa.

Kila mwaka Arusha hupokea vijana wengi wa kujitolea, wa ndani na wa nje. Wengi huelekea shuleni na kwenye vituo vya watoto yatima. Hapana sababu ya baadhi yao, hasa vijana wenyeji wanaojua Kimeru na Kimaasai, kutowafikia wazee. Kamera ya simu, projekta ndogo, shuka nyeupe na darasa la shule ya msingi vyatosha kuanzia. La muhimu ni utaratibu. Mzee achague mwenyewe la kusimulia na lugha ya kulisimulia. Aione picha yake kwanza na kuiridhia kabla haijaonyeshwa kwa wengine. Kisha ionyeshwe kijijini, naye akiwapo, ili vijana wamwulize maswali na yeye awajibu.

Mazungumzo hayo ndiyo kiini cha kazi yote. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifanikiwa kwa kuwa wananchi wapatao milioni mbili hawakusikiliza redio na kutawanyika. Walikaa katika vikundi, wakajadili na kuamua la kutenda. Filamu isiyojadiliwa husahauliwa kabla ya mapambazuko. Katika kikao hicho mwalimu na awepo, na ofisa wa afya na ustawi wa jamii pia, maana mzee akipewa nafasi ya kusema hatasimulia ya mwaka 1951 tu. Atauliza kwa nini alikosa dawa kwenye zahanati.

Hapo ndipo penye mtihani. Filamu si chakula, wala makofi ya watazamaji si matibabu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu nchini wazee wapatao milioni 2.5, yaani asilimia 5.6 ya watu wote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua kuwa ni rasilimali ya Taifa wenye haki ya kutunzwa. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ilionyesha kwamba heshima yaweza kuingizwa katika bajeti. Mtazamo mwema usiofuatwa na vitendo ni dharau iliyovikwa shada la maua.

Watumishi wa umma na walimu wana sababu ya pekee ya kulitafakari hili. Sheria inawaruhusu kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55 na kuwataka waondoke wakifika 60. Mtoto anayefundishwa leo ndiye atakayekaa kesho nyuma ya dirisha la hospitali au meza ya ofisi, na mwalimu wake wa zamani atakuwa kwenye foleni. Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba, isiishie kwenye hotuba na maandamano. Shule moja ya Meru iweke shuka ukutani jioni hiyo, izime taa, na kumwacha bibi wa kijiji hicho hicho aseme.