Shanga za wifi zilivyoniumbua

Jamani wasomaji wangu, mwenzenu yamenikuta! Nilipanda basi kwenda Nairobi kumwona kaka yangu, aliyeoa kule na kuzeekea kule. Siku ya kwanza tu nikamuuliza wifi yangu, "Wifi, siku hizi unafanya kazi gani?" Akanijibu bila hata kutabasamu, "Nafunga nzi."

Nikadhani ni Kiswahili chao cha kule. Kumbe kweli bwana! Mezani kwake kuna jiliwa dogo linalobana ndoana. Wifi anazungushia uzi mwembamba kuliko wa cherehani, anapachika unyoya wa jogoo, anaweka manyoya kidogo ya sungura, na mara unaona mdudu kamili. Ni chambo cha bandia cha kuvulia samaki aitwaye trauti.

Trauti mwenyewe alikuja mgeni Kenya. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan, yule aliyewahi kutembea kutoka Cape mpaka Cairo, alimwingiza kutoka Scotland akapandwa mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Wavuvi wa starehe wakahitaji nzi, nzi wakahitaji mikono ya kuwafunga, na leo nzi wanaofungwa Kenya wanauzwa mpaka Marekani na Uingereza.

Sasa tuje kwenye shanga. Sehemu kubwa ya chakula cha trauti iko chini ya maji, kwa hiyo nzi wengine huvalishwa ushanga wa chuma kichwani ili wazame. Kuna wa shaba ya njano na kuna wa tungsteni, madini ambayo uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya shaba hiyo. Kwa ndoana namba 18 (na ndoana hizi namba ikipanda, ndoana inazidi kuwa ndogo) wifi anatumia ushanga wa milimita 2. Fikiria punje ya ulezi, halafu uitoboe katikati!

Mimi na kiherehere changu nikasema, "Lete nikusaidie, mbona kutunga shanga nimefundwa tangu mwali?" Wifi akanitazama, akasogea. Alikuwa na mzigo wa kupeleka kesho yake asubuhi. Analipwa kwa dazani, na nzi akikataliwa na mkaguzi huyo halipwi.

Dazani ya kwanza nikaivalisha haraka haraka, nikaringa. Wifi akainua mmoja kwenye mwanga, akasema taratibu, "Wifi, hizi zote umeweka upande mbaya." Kumbe ushanga una tundu dogo upande mmoja na kubwa upande wa pili! Ncha ya ndoana inaingilia tundu dogo, ili lile kubwa libaki nyuma na ushanga upite vizuri kwenye mkunjo, kisha ukae barabara karibu na tundu la kufungia mshipi. Na kabla ya hapo kijino cha ndoana kinalazwa kwa koleo, la sivyo ushanga unakwama.

Nikaona haya. Katika kuharakisha kurekebisha, kiwiko kikagonga pakiti. Chwaaa! Shanga zote sakafuni, chini ya kochi, mpaka jikoni. Kaka yangu akatoka chumbani akaniangalia kama vile ndiyo kwanza anajua tumezaliwa tumbo moja.

Wifi hakufoka. Alizima taa, akalaza tochi chini kabisa sakafuni. Wee! Mwanga ukipita ubavuni, kila ushanga unang'aa na kutupa kivuli chake. Tukaokota kwa vidole vilivyoloweshwa, magoti chini, mpaka saa sita usiku. Zilipotea saba tu.

Halafu akanifundisha anavyofanya. Shanga hazimwagwi kiganjani, maana jasho linazigandisha. Unamwaga chache tu kwenye kifuniko cha chupa, na kifuniko unakiweka kwenye sahani nyeupe yenye ukingo. Mapajani unatandaza taulo, likianguka linadakwa. Unachukua kijiti cha kiberiti chenye nta kidogo nchani, unagusa ushanga, unanata. Unaugeuza tundu dogo likutazame, kisha unausogezea ncha ya ndoana. Zikibaki, unazirudisha kwenye pakiti kwa karatasi iliyokunjwa katikati kama mfereji.

Hapo ndipo nikagundua jambo. Wifi alikuwa hatazami tundu, alikuwa analipapasa kwa ncha ya sindano. Nikamuuliza. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kaka asisikie, "Macho yameisha, wifi. Mwaka wa pili sasa. Kazini sijasema. Wakijua, wasichana wa miaka ishirini wako mlangoni." Kwa kazi hiyo amesomesha watoto watatu. Mimi niliyekuwa nachekelea nzi nikakosa pa kuuficha uso.

"Miwani je?" Akasema, "Nikivaa, si ndio watajua?"

Usiku ule tulibishana sana. Nikamwambia jicho la karibu humchokea karibu kila mtu akishavuka miaka 40, si ugonjwa wala aibu, na mkaguzi anahesabu nzi, hahesabu miwani. Alipeleka mzigo ukiwa pungufu kwa sababu yangu, na pungufu hilo nikalilipa mimi. Jioni yake tukaenda kupima macho. Alipovaa miwani ya kusomea akashika ushanga, akaugeuza mara mbili, akasema, "Kumbe zina mistari!" Akacheka, halafu akafuta macho.

Kama kazini watasema nini, hilo sijui bado. Nilimwacha ameziweka kwenye mkoba, hajaamua.

Na mimi je? Nimerudi Dar, nikashika sindano nishone kifungo. Nikamwita mtoto anitungie uzi, kama ninavyomwita kila siku, nikisingizia giza. Ilikuwa saa saba mchana! Wewe fundi cherehani, wewe msusi, wewe mtunga shanga unayesogeza kazi mbali kila mwaka, tusidanganyane. Kesho naenda kupima.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.