Ramani na Wenye Ardhi

Kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali ambapo miti hupungua hata ikatoweka na maji huganda sehemu kubwa ya mwaka, umepita mto wenye urefu wa zaidi ya kilomita 800, ambao Waingereza waliuita Coppermine. Vitabu humsifu Samuel Hearne, mtumishi wa kampuni ya Hudson's Bay, kuwa ndiye aliyeutia mto huo katika ramani mwaka 1771. Sisi hatumnyimi sifa ya ustahimilivu wake. Lakini haki na isemwe yote.

Hearne alikwisha kushindwa mara mbili. Mara ya tatu alifika kwa kuongozwa na Matonabbee, kiongozi wa Wadene, aliyejua wanyama wanapita wapi na msimu gani wa kusafiri. Miaka michache kabla ya hapo, Matonabbee huyo huyo na mwenziwe Idotlyazee walikuwa wamekwisha kuwachorea wakubwa wa kampuni mito ya nchi ile. Mwenye chombo cha kupimia, alipoandika mlango wa mto ulipo, aliuweka kaskazini mno kwa kiasi cha digrii nne! Kosa hilo lilisahihishwa na msafara wa John Franklin mwaka 1821, nao ulipokuwa ukirudi, watu 11 kati ya 20 walikufa. Waliobaki waliokolewa kwa nyama ya watu wa Akaitcho, chifu wa nchi hiyo.

Hasara ya ramani za namna hii si ya heshima tu. Ofisa aliye mbali huifunua mezani, asione kijiji wala njia, akaamua kuwa nchi ni tupu, kisha akatia sahihi kibali cha kutafuta mafuta. Ofisa wa namna hiyo hakosekani popote, na tunamtaka aichukue karatasi yake akaifunue mbele ya wavuvi na wakulima kabla ya kushika kalamu.

Wainuiti hawakungoja kuulizwa. Katika miaka ya 1970, wawindaji wao walichora wenyewe mahali wanapowinda, wanapovua na wanapopiga kambi, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1976 katika majuzuu matatu. Ikawa ushahidi katika madai yao ya ardhi. Kwa mkataba wa 1993 walipata hati ya kumiliki takriban kilomita za mraba 350,000, na mwaka 1999 likaundwa jimbo la Nunavut. Kijiji kilicho kwenye mlango wa mto ule kiliacha kuitwa Coppermine mwaka 1996. Sasa ramani za serikali zinakiandika Kugluktuk, yaani mahali pa maji yaendayo.