Ujima wa Debian na kompyuta ya mfanyabiashara mdogo Mtwara

Oktoba kwa mkulima wa Mtwara ni mwezi wa korosho kuingia ghalani. Oktoba ya mwaka 2025 ilikuwa pia mwezi ambao kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida ya kulinda mfumo wake wa kompyuta wa Windows 10, tarehe 14. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha walipewa muda wa nyongeza wenye ukomo wa Oktoba 2026. Mambo haya mawili yanakutana kwenye meza ya karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), na kwenye meza ya mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi huko Chuno, Manispaa ya Mtwara Mikindani.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye zao la korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, fedha ya mkulima hupita kwenye makaratasi na kompyuta kabla ya kumfikia. Korosho hupimwa AMCOS, husafirishwa hadi ghala kuu, huuzwa mnadani, kisha malipo huingia benki. Kuanzia msimu wa 2024/2025 hata mnada wenyewe ulihamia kwenye kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kati ya mzani na benki kuna orodha: jina, kilo, daraja, namba ya akaunti. Orodha hiyo ikiharibiwa na virusi wiki ya mnada, mkulima anasubiri. Na mkulima anayesubiri huku ada ya mtoto inadaiwa ndiye anayeishia kuuza kwa kangomba, kwa bei ya kutupa.

Mfumo uliochukua nafasi ya Windows 10, yaani Windows 11, hudai kompyuta ya kuanzia mwaka 2018 hivi, yenye kifaa maalumu cha usalama ndani yake. Kompyuta nyingi za mtumba ni za zamani kuliko hapo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo ana njia tatu: anunue nyingine, aendelee bila kinga, au abadili mfumo. Wengi huchagua ya pili bila kujua kwamba wamechagua, tena mara nyingi kwa programu isiyo na leseni aliyoiweka fundi. Njia ya tatu ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini, nayo ni Linux.

Jina hilo huwatisha wengi, ingawa kila mwenye simu ya Android anaitumia, kwa kuwa kiini cha Android ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Lakini kiini peke yake hakiandiki barua wala hakichapi. Lazima mtu akusanye programu za kuandika, za mahesabu, za mtandao na za printa, azijaribu kwa pamoja, na azitibu zinapopata kasoro. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993. Toleo lake la 13, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi vya programu zaidi ya 69,000. Debian si kampuni. Haina mwenye hisa wala haimtumii mtumiaji ankara. Watengenezaji wake, takriban elfu moja duniani kote, pamoja na watafsiri na wasaidizi wengine wengi, wanajitolea.

Msomaji wa Mtwara anaufahamu ujima na msaragambo, na anaufahamu pia udhaifu wake: siku ya kwanza wanakuja watu hamsini na majembe, siku ya tatu wamebaki watano. Inakuwaje basi kazi ya kujitolea idumu kwa zaidi ya miaka 30?

Jibu halipo kwenye moyo mwema peke yake. Kila kifurushi kina mlezi wake, mtu au kikundi kinachojulikana. Anayetaka uanachama kamili hupimwa kwa kazi aliyofanya, na utambulisho wake huthibitishwa na wanachama wengine, mara nyingi kwa kukutana ana kwa ana na kuonyeshana vitambulisho. Kiongozi huchaguliwa kwa kura kila mwaka. Mkataba wao wa mwaka 1997 unaahidi kutoficha matatizo, hivyo kila kasoro inayoripotiwa huandikwa mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. (Ni AMCOS ngapi zinazobandika makato yote ukutani?) Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha jambo hilo hilo kwa mifereji ya umwagiliaji na mali nyingine za pamoja: hudumu pale watumiaji wanapojiwekea kanuni na kusimamiana wenyewe.

Kanuni nyingine ni subira. Programu mpya hupita kwanza kwenye tawi la majaribio ya awali, kisha tawi la pili, na huko hukaa hadi ithibitike kabla ya kuingia toleo imara, kama aina mpya za mikorosho zinavyojaribiwa Naliendele kabla ya kumfikia mkulima. Vijana wapenda vitu vipya huidharau Debian kwa sababu hiyo, wakisema programu zake zimepitwa na wakati. Kwa mtu mwenye orodha ya malipo ya wakulima mia tatu, upya si sifa.

Thamani ya subira hiyo ilionekana Machi 2024. Mtu au kundi lililojiita Jia Tan lilikuwa limetumia zaidi ya miaka miwili kujipendekeza kwa mlezi wa programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Mlezi huyo alikuwa kwa muda mrefu akiibeba kazi hiyo karibu peke yake, bila malipo, na alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba amechoka. Alipopata msaidizi, alimwamini. Msaidizi akaingiza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu. Mtaalamu Andres Freund, akifanya vipimo kwenye tawi la majaribio la Debian, aliona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa nusu sekunde. Akafuatilia, akaugundua mlango huo, na tarehe 29 Machi akatangaza kwa wote. Programu hiyo chafu ilikuwa haijafika kwenye toleo imara. Freund, kwa bahati, ni mwajiriwa wa Microsoft.

Tukio hilo linasifiwa kama ushindi wa jumuiya, na ni kweli. Lakini linaonyesha pia hesabu ambayo haijalipwa. Makampuni makubwa yalijenga biashara juu ya kazi ya mtu mmoja aliyechoka. Kisima kinachotekwa na kijiji kizima lakini kinasafishwa na mzee mmoja si cha bure; gharama yake imebebeshwa mgongo wa mzee.

Tanzania ina funzo lake. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Ila tafsiri ya programu ni kama shamba la mikorosho: usipopalilia na kupulizia, pori linarudi. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na mwaka 2010 OpenOffice yenyewe iligawanyika, ikazaliwa LibreOffice. Mradi huwa na tarehe ya mwisho, palizi haina. Hapo ndipo wanafunzi na mafundi wa Mtwara wangeweza kulipa sehemu yao, kwa kutafsiri na kwa kuripoti kasoro wanazokutana nazo, kazi isiyohitaji mtaji zaidi ya muda na bando.

Kwa fundi kuna pia riziki. Sheria za leseni za Debian zinaruhusu kuinakili na kuigawa, na hazimkatazi kutoza ufundi wake wa kuiweka na kufundisha.

Tahadhari zipo. Kompyuta kongwe sana, zile za biti 32, hazina tena nafasi ya kawaida katika toleo la 13. Baadhi ya printa na programu za mashine za risiti hutengenezwa kwa ajili ya Windows pekee. Kwa hiyo mwenye duka aijaribu kwanza kwa flashi, bila kufuta chochote, huku printa yake imeunganishwa. Na AMCOS isibadili mfumo msimu ukiwa umepamba moto. Wakati mzuri ni kati ya malipo ya mwisho ya korosho na orodha za salfa, baada ya nakala za kumbukumbu zote kuhifadhiwa mahali pawili tofauti.