Kiharusi si Ugonjwa Mmoja

Mtu anapoanguka ghafla, mdomo ukapinda na mkono wa upande mmoja ukapooza, majirani husema amepatwa na kiharusi, na maneno huishia hapo. Kumbe kiharusi si ugonjwa mmoja. Kwa mgonjwa huyu mshipa wa ubongo umezibwa na damu iliyoganda. Kwa yule umepasuka na damu inavuja ndani ya kichwa. Kwa kuwatazama tu ni vigumu kuwatofautisha, lakini aspirini imfaayo wa kwanza yaweza kumwangamiza wa pili.

Wapo wanaodhani kwamba kila mashine ni mganga kamili. Hao hawana budi kuelezwa waziwazi kuwa ultrasaundi ya shingo haiwezi kuamua kama mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka. Kazi hiyo ni ya siti skani ya kichwa. Ultrasaundi huingia baadaye, ikishajulikana kwamba mshipa umeziba, na swali likawa: chanzo ni nini? Huenda donge la damu limetoka moyoni. Huenda mshipa mdogo wa ubongoni umeharibiwa na shinikizo la damu. Au mafuta yamejijenga ndani ya karotidi, mshipa mkubwa upandao shingoni kuelekea ubongoni. Mawimbi ya sauti huyaonyesha mafuta hayo na kupima mwendo wa damu, ambayo penye wembamba hukimbia kama maji ya mpira uliobanwa mdomo. Utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliotangazwa mwaka 1991 ulithibitisha kwamba mgonjwa aliyepata kiharusi chepesi, na karotidi yake ya upande ule ule imebanwa kwa asilimia 70 hadi 99, hufaidika kwa upasuaji. Mwenye donge la moyoni hahitaji kisu hicho, bali dawa ya kuzuia damu isigande.

Wala haya si mambo ya nchi tajiri peke yake. Uchunguzi uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 jijini Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai. (Na kupima shinikizo la damu, adui mkuu wa mishipa hiyo, ni kazi ya dakika chache.)

Mashine za ultrasaundi si ngeni. Akina mama wajawazito wanazifahamu. Lakini kuipima shingo ni ustadi mwingine, na mpimaji asiyefundishwa huweza kumpeleka mgonjwa kwenye kisu bila sababu. Kwa hiyo wapangaji wa bajeti za hospitali watenge kwanza fungu la kuwafundisha wapimaji wa mikoani, ndipo waagize mashine nyingine.